Waya wa Pili

Siku niliyoichukua pikapu yetu gereji Kiboriloni ikiwa imefungwa injini nyingine, ilikwenda vizuri kwenye lami mpaka nilipoanza njia ya kupanda nyumbani. Hapo injini ikanguruma kama ya gari linalokimbia, lakini gari lenyewe likawa linatambaa. Nikakanyaga mafuta zaidi. Kelele ziliongezeka, mwendo haukuongezeka. Wanawake waliobeba majani ya ng'ombe kichwani wakanipita.

"Mwanangu, shuka tukusukume," mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

Nilisimama mara nne njiani ili gari lipoe. Nilifika nyumbani jua linazama.

Pikapu hiyo aliiacha marehemu baba. Ni ya zamani, na gia zake hujibadilisha zenyewe, ndiyo maana madereva wa kwetu huiita gari la wanawake. Waite wanavyotaka. Mimi niliishia darasa la saba, na kazi niliyo nayo ni hiyo pikapu: asubuhi nashusha ndizi za majirani sokoni, mchana napandisha pumba za ng'ombe. Bila hiyo, ningetafutiwa kazi za ndani kwa watu mjini. Hilo lilishasemwa nyumbani zaidi ya mara moja.

Kesho yake nikairudisha gereji. Kuteremka hakukuwa na shida. Fundi alikwenda kuijaribu kwenye barabara ya Kahe, anakojaribia magari yote, kwa sababu kule ni tambarare na hakuna msongamano. Alirudi anatabasamu.

"Inakwenda vizuri kabisa, binti. Mlima wenu ndio mbovu."

"Shikamoo fundi, naomba tupande wote," nilisema. Nilishamwamkia asubuhi. Nikiogopa huwa naamkia mara mbili.

Tulipanda kidogo tu, kelele zikaanza. Fundi akasema turudi. Tuliporudi akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakinusa. Oili ilikuwa nyekundu kabla, sasa ilikuwa rangi ya chai ya rangi, na ilinuka kuungua.

"Huwa unateremka vipi?" akaniuliza.

"Kwa frii," nikasema.

Kila dereva wa milimani hufanya hivyo. Ukishapakia ndizi unazima injini, unaachia gari lishuke lenyewe, mafuta yanabaki kwenye tangi. Nilifundishwa na wanaume waliokuwa wakishuka hivyo kabla sijazaliwa. Fundi akapiga makofi.

"Hizo ni mbinu za gari la gia za mkono! Giaboksi ya otomatiki, injini ikizimwa, oili haizunguki. Umeiua mwenyewe. Injini yangu haina kosa."

Mafundi wengine waliokuwa pale wakacheka. Niliipandisha nyumbani ikitambaa, nikiamini nimeua gari la baba.

Baba mdogo, mdogo wake baba, hakuchelewa. Alimpigia simu mtu wa Bomang'ombe anayenunua magari mabovu na kuyachinja, yaani kuyafungua na kuuza kipande kimoja kimoja. Mtu huyo akasema atakuja Jumamosi. Ilikuwa Jumanne.

Siku mbili nilikaa na hatia yangu. Halafu hatia ikaanza kuniudhi. Ni kweli nilikuwa nateremka kwa frii, na ni kosa, sitalirudia. Lakini nilifanya hivyo mwaka mzima na pikapu ikapanda kila mchana na magunia ya pumba. Injini ya zamani ndiyo iliyokufa, giaboksi ilikuwa nzima. Iliharibikaje siku ile ile iliyotoka kwa fundi?

Alhamisi nikafungua boneti. Nikaukamata waya wa mafuta kwa mkono, nikauvuta na kuuachia. Kuna kitu kilikuwa kimepungua, na nilisimama pale muda mrefu kabla sijakijua. Zamani mafuta yakikanyagwa, nyaya mbili zilikuwa zinavutika kwa pamoja. Nilikuwa naziona baba alipokuwa akikanyaga yeye na kuniagiza niangalie kwenye injini. Sasa ulivutika mmoja. Wa pili niliufuata kwa kidole kutoka kwenye giaboksi. Ulipanda vizuri, halafu mwisho wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwenye bomba kwa kipande cha waya wa uzio.

Nikashuka gereji kwa miguu.

"Fundi, ule waya wa pili unafanya kazi gani?"

"Waya gani?"

"Unaotoka kwenye giaboksi. Umeufunga pembeni."

"Injini hii imetoka kwenye gari la gia za mkono. Kabureta yake haina mahali pa huo waya. Hauna kazi."

"Kama hauna kazi, waliouweka waliuweka wa nini?"

Gereji nzima ikasikia. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Kijana mmoja akapiga mluzi, "Mpisheni injinia wa migombani!" Fundi akaniambia nikaolewe. Nikamwambia giaboksi haijui kama ninapanda mlima au niko Kahe, hakuna wa kuiambia nimekanyaga mafuta kiasi gani, kwa sababu mdomo wake kaufunga na waya wa uzio. Kisha nikaondoka haraka kabla sijalia.

Injini ya zamani ilikuwa nyuma ya banda la ng'ombe, na kabureta yake ilikuwa bado juu yake, yenye nafasi mbili za nyaya. Ijumaa nzima niliifungua na kuisafisha, nikatoa ile ya fundi, nikaifunga hii mahali pake. Nati moja iliangukia chini ya injini, nikaitafuta kwa saa nzima. Baba mdogo alipita mara mbili.

"Unachezea gari la watu. Kesho linaondoka."

"Halijaondoka," nilisema bila kuinua kichwa.

Kilichobaki kilikuwa kuukaza waya wa pili. Nilimweka mama kwenye usukani, mama ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli.

"Kanyaga, mama! Mpaka chini!"

"Nikiliondoa je?"

"Limezimwa, mama!"

Alikanyaga huku ameshika msalaba wa rozari yake, nami nikaurekebisha waya mpaka ukafika mwisho wake pamoja na ule wa mafuta. Kisha nikamwaga oili iliyoungua, nikaweka mpya, nikaipima kwa kijiti injini ikiwa inawaka.

Jumamosi mnunuzi alifika na gari la kuvuta. Nilipakia magunia sita ya mchanga, nikamwambia baba mdogo apande. Hakutaka. Mama akamtazama tu, naye akapanda. Tuliteremka mpaka lami, injini ikiwaka njia yote, nikageuza. Kwenye kona ya mwanzo ya kupanda, gia ilishuka yenyewe, gari likavuta. Halikuvuta kama zamani. Likipata joto sana bado huteleza kidogo, na najua limeumia wiki ile. Lakini tulifika juu bila kusimama, na baba mdogo alimwambia mnunuzi asamehe, amesumbuliwa bure.

Jioni hiyo mama akaniletea jani la isale. Kwetu, ukimpelekea mtu isale umemwomba radhi, naye hawezi kukataa. Alikuwa amesikia kwamba fundi ana uchungu, kwamba mtoto wa juzi amemwaibisha mbele ya watu.

"Mpelekee, yaishe," mama akasema. "Ni mtu mzima."

Nikamwambia nitamwamkia kila nikipita, hata mara tatu. Lakini isale hupelekwa na aliyekosa, na fundi njia ya kuja kwetu anaijua.

Mama akalichukua jani lake, akaenda kumpa mbuzi.