Mbwa Mwingine Nyumbani

Dorkasi wa Mkumbara, anayeokota mbwa waliogongwa na magari barabara kuu na kuwatafutia makao mapya, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Hata mchungaji wa kanisa lake alinyimwa mbwa, eti kwa mnyororo mmoja tu wa kufungia mbwa uliokutwa uani.

Siku hiyo alimpeleka Kovu, mbwa mwenye sikio lililochanika, kwa Mzee Loishiye, mfugaji wa Handeni. Saa sita mchana alilikagua boma. Uzio wa miiba ulikuwa mzima, kivuli kilikuwepo, na maji pia.

"Mzee, una mbwa mwingine?" aliuliza, fomu mkononi. Hilo ndilo sharti asilolegeza: mbwa mwenyeji na mbwa mgeni wakutane kwanza, wakubaliane.

"Alikuwepo, mama. Alikufa kiangazi, nikamzika pale langoni."

Dorkasi akaandika: *Hayupo.*

Kovu alipofika langoni, akasimama ghafla, manyoya ya shingo yakamsimama. Akanusa hewa tupu, akazunguka, akanusa tena, vile mbwa anavyomnusa mbwa mwenzake. Kisha akalala chali, tumbo juu. Upepo haukuwepo, lakini vumbi lilitimka kumzunguka.

Mzee Loishiye hakushtuka. Alikemea tu, "Mwache mgeni apite!"

Kovu akainuka, akaingia bomani akitikisa mkia.

Dorkasi alipomfuata, pua baridi, yenye unyevu, ikamgusa kiganja. Kovu alikuwa hatua kumi mbele yake. Hakuthubutu kutazama chini. Aliitoa tena fomu, akafuta lile neno *Hayupo*, akaandika: *Yupo. Wamekubaliana.*