Sweta la Zamu Mbili

Sweta la sufu likivaliwa na mtu mmoja tangu alfajiri mpaka saa sita mchana, kisha likavuliwa na kuvaliwa na mwingine papo hapo, huwa na harufu yake. Kuna jasho la kwapani, kuna moshi wa kuni, kuna vumbi la chaki na mafuta ya kujipaka yaliyochacha, na chini ya hayo yote kuna uvuguvugu wa mwili usio wako. Huyo mwingine nilikuwa mimi. Nilikuwa naingiza kichwa kwenye shingo ya lile sweta la kijani huku nimebana pumzi, na kila mara pumzi iliniishia kabla kichwa hakijatokeza upande wa pili, nikalazimika kuivuta humo humo ndani. Maishani nimeuguza watu na nimezibua vyoo, lakini sijakutana na kitu kilichonitia kinyaa kama kile. Hata leo mtu akinikumbatia na sweta lenye unyevu, natafuta kisingizio cha kujitoa.

Tulikuwa tunaishi Mollo, kwenye mashamba, na mji wa Sumbawanga ulikuwa mwendo wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwetu Ufipa sweta si pambo. Januari mvua inakunyeshea mpaka mifupani, na ikifika mwezi wa sita upepo unapita uwandani bila kitu cha kuuzuia, mtoto anafika darasani vidole vimekufa ganzi. Shule yetu wakati ule ilikuwa na watoto wengi kuliko vyumba, kwa hiyo tulisoma kwa zamu, wakubwa asubuhi na wadogo mchana. Dada yangu Kalista alikuwa darasa la sita, mimi la tatu. Baba aliutazama mpango huo wa shule akaona mwanya. Wazazi wenzake walipokuwa wanahangaika madukani kabla ya kufungua shule, yeye alirudi kutoka mjini na mfuko mmoja wa rambo. Ndani mlikuwa na shati moja jeupe, sketi moja ya bluu, sweta moja, jozi moja ya soksi na jozi moja ya viatu, vyote kwa kipimo cha Kalista. Alituita mimi na dada tukae chini atueleze. "Nguo ikitundikwa kwenye kamba tangu saa sita mpaka kesho yake, inafanya kazi gani?" alituuliza, uso umemchangamka kama aliyeokota kitu njiani. "Mmoja akitoka, mwenzake anaingia. Mwisho wa habari."

Afadhali tungekuwa hatuna kitu. Ningekuwa nasimulia habari za umaskini, na umaskini haunitii kinyaa. Lakini baba alikuwa na mahindi ya kujaza stoo, alikuwa na ulezi, alikuwa na maksai wa kulimia ambao majirani waliwakodi kila msimu. Tulikuwa katika nyumba za mbele pale kijijini. Kilichomsumbua ni kwamba fedha ikitoka mfukoni mwake aliumwa kabisa, unaona uso unamkunjamana, isipokuwa ikitoka kwenda mahali ambapo watu wataiona.

Basi tukawa tunakutana katikati ya njia. Mimi nilitoka nyumbani na gauni la shambani, nimebeba la Kalista kwenye rambo, naye akatoka shule mbio. Wakati mahindi yamesimama tulikuwa na chumba chetu, tunaingia kati ya mistari na kubadilishana upesi. Yakishavunwa, uwanda unabaki mtupu, ikabidi tujifiche nyuma ya mashine ya kusaga, ambako wavulana waligundua ratiba yetu wakawa wanakuja kuchungulia. Kalista alivua huku akiwatukana kwa Kifipa, mgongo ameuelekeza kwao ili anizibe mimi. Sketi yake niliikunja kiunoni mara kadhaa na kuifunga kwa kamba ya katani. Viatu niliviongezea maganda ya mahindi kwa mbele. Soksi sitaki hata kuzikumbuka. Zilikuwa zimelowa, zimeshika umbo la mguu wake, na katikati ya vidole vyake kulikuwa na fangasi ambazo baada ya muda si mrefu zilikuwa kwangu pia. Mama alituosha miguu kwa maji ya chumvi, wote wawili kwenye beseni moja.

Siku mwalimu wao alipowachelewesha, mimi nilisimama nyuma ya mashine na gauni langu nikisikiliza kengele ya zamu ya mchana ikilia. Siku moja Kalista alifika anahema, nikamlaki kwa kilio.

"Umeniponza! Nitachapwa tena."

"Mwalimu alinibakiza niwafundishe wenzangu hesabu," alisema, tayari anafungua vifungo. "Vaa, usilie. Kimbia tu, waambie dada yako ndiye mwenye makosa."

Nilichapwa, kama kawaida. Lakini hiyo habari ya kuwafundisha wenzake hesabu ilikuwa kweli. Kalista alikuwa na kichwa. Alikuwa wa kwanza darasani tangu alipoanza, na mwalimu wake alikwisha kutamka mbele ya wazazi kwamba yule binti atakwenda sekondari, labda hata ya bweni. Nyumbani alinifundisha kuzidisha kwa punje za mahindi tukiwa tunapukuchua. Alitaka kuwa mwalimu, na alikuwa halitamki hilo kwa aibu aibu kama sisi wengine, alilisema kama mtu anayekuambia kesho anakwenda mnadani.

Jambo lililonichefua zaidi ya soksi ni sifa alizomwagiwa baba. Kwenye vilabu vya pombe ya ulezi, wazee walimpigia makofi kwa ujanja wake. Nilikuwa natumwa kumwita aje kula, nikafika, nikasalimia shikamoo mmoja baada ya mwingine, na mara zote yupo aliyenishika bega na kunigeuza geuza ili wenzake waone sketi ilivyokunjwa. "Huyu ndiye wa zamu ya mchana!" Wakacheka mpaka machozi. Baadhi yao walikwenda kufanya vile vile kwa watoto wao. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wazima walionuka pombe, wakiusifia uvundo niliouvaa, na baba ametabasamu kama bwana harusi. Nilimchukia siku zile. Sioni haja ya kulipamba.

Kisha kijiji kikaamua kujenga madarasa. Kila kaya ilitakiwa kutoa tofali, na baba, kwa kuwa hapo watu wangemwona, alijitosa mbele ya wote. Alikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Alichoma tanuru lake mwenyewe. Waliozibeba zile tofali kichwani kutoka tanuruni mpaka shuleni tulikuwa Kalista na mimi, pamoja na watoto wengine, siku za Jumamosi, shingo zimekakamaa. Tulizibeba kwa furaha. Kalista alisema yeye akiwa mwalimu atafundishia katika chumba kile cha mwisho, chenye dirisha linalotazama barabara. Kazi ilikwisha kabla ya likizo ya mwezi wa sita. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi, akamshukuru baba, kisha akatangaza kwamba kwa kuwa sasa vyumba vinatosha, shule ikifunguliwa mwezi wa saba zamu zinakwisha. Watoto wote wataingia asubuhi.

Watu walishangilia. Mimi nilimtazama Kalista, naye akanitazama, kisha tukaitazama sketi aliyoivaa. Katika uwanja mzima nadhani sisi wawili tu ndio tuliokuwa tumeelewa kilichotokea. Baba mwenyewe alikuwa bado anapeana mikono na watu.

Suluhisho lake lilikuwa tupokezane siku. Leo Kalista, kesho mimi. Anayebaki nyumbani aende shambani na mama, jioni asimuliwe masomo na mwenzake. Tukafanya hivyo wiki chache. Siku zangu nilirudi nimemletea Kalista makombo ya darasa la tatu, ambayo yeye hakuyahitaji, na siku zake mimi nilisimuliwa ya darasa la sita, ambayo sikuyaelewa. Mwalimu mkuu akaagiza kwamba mwanafunzi anayekuja nusu nusu atafutwa kwenye daftari la mahudhurio. Mwezi wa nane ulikuwa umefika, mahindi yalikuwa yameuzwa, na mama alithubutu kuomba sare ya pili. Baba akasema atafikiri. Alipomaliza kufikiri, lori dogo lilisimama mlangoni likashusha makochi.

Yalikuwa makochi ya rangi ya damu ya mzee, ya watu watatu, ya wawili na ya mmoja mmoja, yamefungwa kwa nailoni ambayo baba alikataza isitolewe. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuyakalia. Mama aliyatazama pale sebuleni, mikono ina unga.

"Baba Kalista, viti si vingesubiri?"

"Wageni wakija wakae wapi?"

Usiku huo huo akatoa uamuzi. Mimi bado mdogo, nikibaki nyumbani nitazurura tu. Kalista ni mkubwa, anaweza kushika jembe, na kusoma na kuandika anajua. Imetosha. Alisema "imetosha" kwa sauti ile ile aliyotumia mezani anapowekewa ugali.

Mwalimu wa darasa la sita alikuja mwenyewe Jumapili, baada ya misa. Alikuwa kijana mpole aliyetoka upande wa ziwa, Kipili. Alikaribishwa kwenye kochi, na kila alipojisogeza ili azungumze vizuri, ile nailoni ilipiga kelele chini yake mpaka akaacha kujisogeza.

"Mzee, huyu mtoto ni wa kufaulu. Kikwazo ni sketi na sweta tu?"

"Mwalimu, wewe ni mtu wa mshahara, hujui," baba alisema, mkono wake ukipapasa sehemu ya kuegemea. "Mwaka huu nimebanwa sana."

Kalista alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka mezani taratibu, akapiga goti, akamkaribisha mwalimu wake kwa adabu zote, akatoka nje. Nilimfuata mpaka nyuma ya jiko. Nilidhani analia. Alikuwa anatema mate chini, tena na tena, kama mtu aliyemeza nzi.

Jumatatu nilivaa sare peke yangu. Sweta lilikuwa kavu, baridi, limefuliwa, lina harufu ya sabuni na jua. Nilikuwa nimeomba kitu hicho kwa miezi. Nilitembea nalo mpaka shuleni, na dirisha la kile chumba cha mwisho lilipoonekana nikainamisha kichwa.

Mimi nilimaliza, nikaendelea, na leo nina duka langu la vifaa vya shule hapa mjini. Kila Januari nawaona wazazi wakihesabu kwa macho kabla ya kuhesabu kwa mikono, na sina ugomvi hata kidogo na wanaobana matumizi. Kuna mama kutoka kijiji cha Wampembe anayekuja kila mwaka na nguo za mtumba alizozichagua kwa makini, amezikunja pindo mwenyewe ili mwakani aziachie, na daftari ananunua kwa dazeni wakigawana na jirani yake. Viatu anavyovaa yeye vimeshonwa mpaka havina pa kushona. Huyo namheshimu, na namwekea bei ninayoweza. Nawatambua pia wale wengine, maana wana uso ule ule wa baba. Simu mkononi ni ya juzi, wamekuja na gari, na wananiuliza kuna ulazima gani mtoto awe na sweta wakati ana mwili wa kutosha. Siku hizi wanatumiana hata mbinu kwenye makundi ya simu, wakipongezana kwa vidole gumba. Wanaondoka, nami nafungua mlango na dirisha duka lipigwe upepo.

Kalista analima, kule kule Mollo, na binti yake ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Tulikusanyika kwa baba siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo, na makochi yaliyobaki yamebonyea, yanalaliwa na paka. Wajukuu walikuwa wamemzunguka, wakilalamika juu ya mahitaji ya shule kupanda bei, naye akaona nafasi yake. Akawasimulia yote, zamu ya asubuhi, zamu ya mchana, na sisi tukibadilishana nguo nyuma ya mashine ya kusaga. Alisimulia vizuri, wajukuu wakaangua kicheko, nami nikahisi kama vile nimeingizwa kichwa kwa nguvu mahali pasipo na hewa.

"Ninyi wa leo hamjui kubana," alimalizia, akinyoosha kikombe chake kwa dada ili aongezewe chai. "Mimi nilisomesha watoto wawili kwa sare moja."

Kalista alimimina mpaka kikombe kikajaa. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima, kama tulivyolelewa.

"Mmoja, baba," alisema. "Ulisomesha mmoja."