Sikio la Kushoto la Rispah

Kwaya ya Kamukuywa ilimjua Rispah Nakhungu kwa sauti yake nzito, ambayo wenzake waliifuata wasipotee. Siku moja mwaka 1986 alichelewa kurudi kutoka mazoezini. Mumewe, Eliakim, akamzaba kofi la kiganja wazi. Sikio la kushoto likalia kama filimbi, damu ikachuruzika. Kwenye zahanati Rispah alisema ameanguka. Baada ya miezi michache akaanza kusikia tena, na Eliakim hakumpiga tena. Habari ikafunikwa.

Mwaka 1993 walikuwa Kiminini kununua mbegu za mahindi, gurudumu la lori likapasuka kando yao. Watu walishtuka, kisha wakacheka. Rispah alichuchumaa, ameshika sikio la kushoto.

Hospitalini Kitale, Daktari Kipkemboi alilimulika sikio kwa muda mrefu.

"Mama, kuna mwingine aliyeumia pale?"

"Hapana. Ni mimi tu."

"Kiwambo cha sikio ni chembamba kama ganda la kitunguu, lakini kina tabaka tatu. Ile ya katikati ina nyuzi. Hewa ikisukuma kwa nguvu, hiyo ndiyo hukizuia kisipasuke. Kiwambo kikipasuka hujiziba, ila mara nyingi hiyo ya katikati hairudi. Chako kilijiziba kwa tabaka mbili tu, ndiyo maana leo kimepasuka tena. Kilipasuka lini mara ya kwanza?"

Eliakim akawahi kujibu. "Alianguka, daktari. Zamani."

Rispah akamgeukia mumewe. "Baba Wanjala, sikuanguka. Ulinipiga."

"Si hiyo iliisha, bana? Ulipona."

"Sikupona. Umemsikia daktari."

Walipotoka, Rispah hakurudi Kamukuywa. Alienda kwa dada yake Tongaren. Baadaye Kipkemboi alimfanyia upasuaji, akakata kipande cha utando wa msuli kutoka juu ya sikio na kuziba nacho tundu la kiwambo. Utando ulishika, lakini hakuweza tena kusikia sauti nyembamba. Akiwa na dada yake kanisani, Rispah aliimba kwa kunong'ona, kwa kuogopa kupotosha wengine.

Eliakim alikuja mara kadhaa na wazee. Kila mara Rispah alikataa, mpaka siku aliyokuja peke yake, akasema mbele ya dada mtu, "Nilimpiga. Halafu nikamwacha aseme uongo kwa ajili yangu."

Rispah alirudi. Lakini Eliakim akiinua mkono kutundika koti ukutani, mkewe hujikunyata. Eliakim huona, huushusha mkono polepole.