Magoti ya Kwandu

Kwandu binti Maganga, mtoto wa mtu aliyefyeka pori la Kasoli kwa shoka lake mwenyewe, alisomesha watoto watano kwa kuuza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, sokoni Bariadi. Mtu wa namna hiyo hachekwi.

Mjukuu wake Winnie alimrekodi kwa simu ili biashara ijulikane. Kwandu akapiga magoti mbele ya simu, akasema, "Mwangaluka," kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kumsalimia mtu wa heshima. TikTok wakatazama watu elfu arobaini, wakaandika kwamba bibi anaabudu simu. Instagram wakamwaga mioyo, hakuna aliyenunua hata bakuli moja. Kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa Nkoma walitazama kumi na wanane tu. Wote waliitikia salamu, na kumi na mmoja wakaagiza.

"Lakini bibi, TikTok ndiko kwenye watu," alisema Winnie.

"Watu gani? Nimewapigia magoti wakwe wakali, wakaitikia. Hawa wamenicheka. Futa hiyo leo. Instagram waachie mioyo yao. Wa Nkoma utawajibu wewe, mmoja mmoja, salamu kwanza, bei baadaye. Magoti yangu yamechoka."