Balbu ya Bandani

Bibi mfuga kuku alikuwa na balbu ya kizamani, ile inayounguza kidole. Chini yake alilea vifaranga miaka ishirini, nao ndio waliomlisha tangu afiwe na mumewe, asinyooshe mkono kwa mtu. Alipolazwa hospitalini siku mbili kwa presha, mke wa mwanawe alibadilisha balbu za nyumba nzima, akaweka zile zisizokula umeme. Hata ya bandani hakuisaza.

Bibi alirudi asubuhi ya baridi kali, asisikie mlio hata mmoja. Akafungua banda. Vifaranga sitini walikuwa wamerundikana pembeni, wamepandana kutafuta joto, wamekakamaa. Mwanga mweupe uliwamulika wote.

"Lakini mama, mbona inawaka kuliko ile!" mkwewe alisema, machozi yakimlenga.

"Kifaranga hasomi gazeti, mwanangu. Alitaka joto."

Aliishika balbu mpya kwa kiganja kizima, isimuunguze.

"Yangu iko wapi?"

Mkwewe akaonyesha jalalani, penye vipande vya kioo. Bibi hakumgombeza. Alivuta beseni, akainama, akaanza kuwaokota mmoja mmoja.