Zizi la Kenge Ghorofani

Baba alifika Toronto na koti nililomtumia, fimbo yake ya kuchungia ambayo watu wa uwanja wa ndege walimwachia baada ya mabishano marefu, na swali moja. Aliniuliza hata kabla hatujatoka nje.

"Mama, nitarudi lini?"

Nikamwambia apumzike kwanza. Ukweli ni kwamba sikuwa na nia ya kumrudisha. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, na mtoto niliyebaki ni mimi tu. Mwaka uliotangulia baba alianguka nyumbani kwake kule Dodoma vijijini, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Hakumwambia mtu. Nilizipata habari kwa binamu yangu, ambaye baadaye ndiye aliyeachiwa ng'ombe wa baba. Kazi yangu Toronto ilikuwa kuogesha wazee wa watu, wazee ambao watoto wao huja Krismasi na maua na kuondoka kabla chai haijapoa. Nikaapa kwamba wangu hatafia sakafuni peke yake, na mtu mwenye kiapo cha namna hiyo hasikilizi maswali.

Tulikaa mtaa wa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na mbili: mimi, baba na binti yangu wa miaka kumi. Mume wangu alikuwa ameshaenda zake, na habari zake si za hapa. Asubuhi nilikwenda kazini, mtoto akaenda shule, baba akabaki na dirisha. Kila Jumapili, tukitoka kanisani, alivua viatu, akakaa, akauliza swali lake. Akauliza pia kama ng'ombe wamepata maji. Nilikuwa namjibu huku nikimenya viazi, ili nisimtazame usoni. Alianza kukonda. Nilikuwa nikiwaona wazee wanaokonda vile kazini, na nilijua wanaishia wapi.

Binti yangu alikuwa na iguana wawili, wale mijusi wakubwa wa Amerika. Miaka ile ya tisini watoto wote walitaka iguana. Walikuwa wakiuzwa wadogo, kijani kibichi, unamweka kiganjani, na muuzaji hakuambii kwamba atakua. Hawa wetu walikuwa wa jirani aliyehamia mbali akashindwa kuwachukua, na walikuwa wameshakua tayari. Dume, ukimpima kuanzia puani hadi ncha ya mkia, alimzidi binti yangu urefu. Jirani alikuwa amemwelekeza mtoto vizuri: hawa kwao ni misitu ya mvua, kwa hiyo asubuhi wanyunyizie maji, jioni waogeshe. Mtoto alifanya hivyo bila kukumbushwa, yeye ambaye kitanda chake mwenyewe hakutandika hata siku moja.

"Kenge," baba alisema alipowaona. Kwetu kenge ni mwizi wa vifaranga, hafugwi. Alisimama mlangoni mwa bafu akimtazama mjukuu wake anavyommiminia dume maji ya uvuguvugu, maji safi ya kunywa, mpaka yote yakaishia kwenye tundu.

"Bibi yako alikuwa anatoka alfajiri kufuata maji," alimwambia. "Anarudi na ndoo moja."

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba pole. Alikuwa anaelewa kila tulichosema, lakini jibu lilitoka kwa Kiingereza siku zote. Jambo hilo lilimuuma baba kuliko baridi ya huku. Aliwahi kuniambia kwamba amepewa mjukuu nyuma ya kioo.

Hali ya hewa ilipofunguka, baba akaanza kuokota mbao kule chini kwenye jaa la jengo. Akaomba waya wa kuku, nikamtafutia. Akajenga zizi kwenye roshani, zizi hasa, lenye mlango na komeo na kivuli upande mmoja, akawahamishia wale kenge huko nje. Kuanzia hapo alikuwa anaamka kabla yangu. Nilimsikia akiwapigia ule mluzi anaowapigia ng'ombe, akiwasogeza kwa fimbo taratibu kufuata jua. Watu wa roshani za juu waliinama kumtazama, naye aliwapungia mkono. Akaanza kula. Akaanza hata utani: roshani yetu ilitazama kituo cha basi, na jioni nikirudi aliniambia, "Leo nimeuona msafara wa mamba unapanda basi, na kenge wangu alikuwemo."

Jumapili ikapita bila swali. Na iliyofuata. Niliogopa hata kulitaja, nisije nikalishtua.

Sasa, wanaodhani Toronto ni barafu tu hawajawahi kukaa kwenye zege linalotazama magharibi katikati ya kiangazi. Ukuta ulichoma. Nguo nilizoanika zilikauka kabla sijamaliza kuosha vyombo. Baba aliipenda hali ile, ilikuwa nchi anayoijua. Kwetu wakati wa kiangazi ng'ombe hanyweshwi kila siku. Anakunywa leo, kesho anashinda bila maji, keshokutwa anakunywa. Anayezoeshwa hivyo ndiye anayeifikia mvua, na aliyedekezwa ndiye wa kwanza kuanguka. Na chumvi anapewa tele, maana mnyama asiyelamba chumvi hali, na asiyekula hana siku nyingi. Kwa sheria hizo baba alivuka ukame uliomaliza mifugo ya nusu ya kijiji, na katika uzee wake wote hilo ndilo jambo pekee aliloringia.

Basi akaziweka sheria zile zile kwenye roshani. Kuogesha kukakoma. Bakuli la maji likawa linaingia zizini siku moja na kutoka siku inayofuata. Majani akayapaka chumvi ya mawe aliyoisaga mwenyewe. Binti yangu alimfuata nyuma akilalamika kwa Kiingereza kwamba wanahitaji maji, wanahitaji kunyunyiziwa.

"Anasemaje?" baba aliniuliza.

"Anasema wana kiu."

"Siku ya maji ni kesho," alimjibu mjukuu wake, kwa upole kabisa. "Unawapenda vibaya, bibie. Utawaua."

Kuelekea mwisho wa kiangazi ngozi za wale wanyama zilikuwa na rangi ya majivu. Macho yakaingia ndani, miguu ikavimba, mifupa ya kiuno ikajitokeza. Baba alizijua dalili za ukame, akapambana na ukame kwa namna anayoijua: wamekosa hamu ya kula, akawaongezea chumvi. Jike alikufa asubuhi moja akiwa amelala pale pale juani. Baba alimfunga kwenye foronya, akashuka naye hadi bondeni mtoni, akamzika, akarudi na udongo kwenye kucha, akaketi karibu na dume mpaka jua lilipozama.

Dume tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, ndani ya kikapu cha nguo chafu, baba amempakata kwenye basi na kumfunika kwa lile koti. Daktari, mwanamke kijana, alimbonyeza tumbo, akamtoa damu, akaenda, akarudi. Alisema figo zimekufa. Alisema mnyama huyu amekaushwa, na amelishwa chumvi nyingi kuliko mwili wake unavyoweza kuitoa. Lililobaki ni sindano ya kumpumzisha. Akauliza ni nani anayemlisha.

Baba alikuwa anaitazama mikono yake, hakuelewa neno.

"Amesemaje?"

"Amesema ni uzee, baba."

"Huyu si mzee. Nimechunga wanyama maisha yangu yote, mzee ninamjua. Amesemaje?"

Nilikuwa natafuta uongo mwingine, baridi ya usiku labda, au ugonjwa aliotoka nao kwa jirani. Binti yangu alikuwa ameuweka mkono kichwani mwa dume. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akamgeukia babu yake, akasema polepole, kwa Kiswahili, akitafuta kila neno ili asikosee.

"Babu, ni kiu. Ni kiu na chumvi uliyompa."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili kwa babu yake, na ilikuwa sahihi. Nilitamani sakafu inimeze.

"Umesema vizuri," baba alimwambia.

Kisha akamshika dume kwa mikono miwili ili daktari apate kumchoma sindano.

Zizi alilibomoa mwenyewe. Alizishusha mbao, akaukunja waya, akalifagia zege. Jumapili ilipofika, tukatoka kanisani, akavua viatu, akakaa. Nilisubiri swali. Nilikuwa nimeandaa jibu laini, lakini hakuniuliza. Hakuniuliza tena katika majira ya baridi yale, wala yaliyofuata. Binamu yangu alipopiga simu kwamba mvua imenyesha na ndama wamezaliwa, baba alikataa kuushika mkono wa simu.

"Mwambie awachukue," alisema. "Wawe wake."

"Wote, baba?"

"Wawe wa mtu anayejua kunywesha."

Binti yangu alijitahidi. Alianza kumsalimia asubuhi, shikamoo babu, umelalaje babu, kwa Kiswahili chake cha kukanyaga mawe, naye aliitikia marahaba, kila mara, kwa adabu. Zaidi ya hapo walikaa kimya. Mtoto alikuwa anaingia chumbani kulia, na mimi nilikuwa simlaumu.

Nami nilikuwa nimepata nilichokitaka. Baba alikuwa chini ya paa langu, karibu na hospitali, na hadai kwenda popote. Siku moja nikarudi kutoka kazini, bado nina harufu ya sabuni ya wazee wa watu, nikamkuta kwenye kiti kile kile nilichomwacha asubuhi, kikombe cha chai hakijaguswa. Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba," nikamwambia, "nikurudishe nyumbani?"

Aliniwekea mkono begani, kama anayemtuliza mtoto wa mtu mwingine.

"Nikafanye nini huko, mama?"