Ndara ya Abbasi

Abbasi, mwenye duka hapa Karatu, alizaliwa Pangani, na kwao kumuua mjusi kafiri ni thawabu. Kwa hiyo kila jioni, miaka ile ya sitini, alizunguka ua akiwa na ndara mkononi. Vyura wa kwenye pipa aliwapita tu. Ila huku bara mijusi ni wa namna nyingi, naye hakutaka kuua asiyehusika, basi kila mmoja alimkagua kwanza: vidole vipana, macho yasiyofumba.

"Huyo je?" mkewe Mwanamwema aliuliza siku moja, chai ikipoa.

"Kafiri hasa. Mkia ulikatika, huu umeota upya. Jana alikuwa dirishani, juzi jikoni."

"Kumbe mmeshazoeana. Haya, mpige."

Abbasi akaivaa ndara yake, akaenda kunywa chai.